Mwezi Mkavu Kuliko Yote

3 Mei

Kaka,

Mama amenikataza kuanza barua hii kwa kukujulia hali. Anasema mtu ambaye hajaonekana miaka kumi na mitatu hali yake haiulizwi, inafuatwa huko huko ikaangaliwe. Basi jiandae. Tunakuja kukuangalia.

Usicheke. Mimi nilicheka nikiwa na pini tatu mdomoni, nikaponea chupuchupu. Mama aliingia chumba cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekuja kupimwa gauni, akatoa ile picha uliyotutumia mwanzo mwanzo. "Huyu amekonda," akasema. Nikamwambia picha ina miaka kumi na moja. Akasema, "Ndiyo maana."

Sasa mambo ya maana. Kifua chake hakijapona na daktari ameacha kujifanya kwamba kitapona. Joto kali linambana, baridi inambana, vumbi ndilo baya kuliko yote. Nimemuuliza daktari kama anaweza kusafiri. Akasema mwaka huu anaweza, hali ya hewa ikiwa nzuri njia nzima. Nikamuuliza mwakani. Akaanza kupanga kalamu zake mezani, na mimi ni fundi cherehani, naelewa mtu anapotafuta pa kuficha mshono.

Nchi yako ni kubwa kiasi kwamba ramani yake dukani wanaiuza vipande viwili. Kaskazini imepakwa njano, kusini nyeupe, katikati rangi ambazo hata kwenye vitambaa sijawahi kuziona. Wewe unalipwa kupima mvua ya huko. Tuambie basi: tuje msimu gani?

Mdogo wako,
Kitinda


29 Mei

Kitinda,

Barua yako imefika na lori la mizigo, chini ya magunia ya unga, na nimeisoma nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mwambie Mama sijakonda. Shati ndilo lililonenepa.

Swali lako nimelizungusha siku mbili. Nchi hii haina msimu, ina misimu mingi inayogombana, na ukikimbia mmoja unaangukia mikononi mwa mwenzake. Mkija Desemba mpaka Februari, mtashukia pwani wakati wa dhoruba, na treni huko hulala njiani siku tatu. Machi mpaka Mei ni mvua kubwa. Barabara zinakuwa uji na madereva wanakuwa wanafalsafa. Juni, Julai na Agosti, hapa kwenye uwanda wa juu maji yanaganda ndani ya ndoo. Asubuhi navunja barafu kwa kisigino kabla ya kunawa, na mimi nina kifua kizima. Septemba upepo unatoka kule kwenye njano ya ramani yako na unakuja na mchanga wake wote. Unaukuta ndani ya mkate.

Kazi yangu ni ile ile. Kituo ni nyumba ya mawe yenye vyumba viwili. Chombo chenyewe cha kupimia kiko juu, begani mwa mlima, mwendo wa saa nzima, ng'ambo ya korongo. Aliyekiweka huko alikuwa na miguu mizuri au hakuwa na nia ya kurudi. Nakwenda, nasoma milimita, nashuka, na saa tatu kamili naisema namba kwenye redio. Tuko vituo kumi na tisa, kila mmoja anasikia namba ya mwenzake. Makao makuu anapokea Karani wa Takwimu. Sisi tunamwita Rudia, maana neno hilo ndilo analolijua zaidi. Simu haifiki. Redio ni ya namba tu. Ukipiga chafya inaandikwa.

Ushauri wangu: tusiwe na haraka. Labda mimi ndiye nije huko, mwakani au mwaka unaofuata.

Kaka yako,
Mpima Mvua


20 Juni

Kaka,

Umehesabu miezi kama mtu anayeshuka ngazi yenye kidato kilichovunjika. Desemba mpaka Septemba, halafu hop, umefika chini. Oktoba imekwenda wapi? Na Novemba?

Nimekwenda kwa wakala wa safari. Ni kijana mwenye tai fupi kuliko ulimi wake, lakini ana kitabu kinene cha hali ya hewa ya nchi yenu, kimechapwa na ofisi yako mwenyewe. Nikamwambia atafute kituo chako. Tukashuka na kidole mpaka kwenye mstari wenyewe, tukaenda kulia, mwezi kwa mwezi. Oktoba: sifuri nukta sifuri. Mwaka hadi mwaka, miaka kumi na moja mfululizo. Wakala akavua miwani. Akasema tangu aanze kazi hajaona mwezi mwaminifu namna hii.

Tena barafu imekwisha, vumbi limetulia, joto ni la kuanikia nguo. Na mwaka huu wamefungua barabara mpya inayopita ndani ya bonde kutoka mji wa reli mpaka chini ya mlima wako. Zamani ilikuwa siku mbili kwa lori. Sasa ni saa nne kwa basi. Wakala anasema wameijenga bondeni kwa sababu kitabu kinasema ni kukavu.

Mama ameniomba nimnunulie kile kitabu. Nimemnunulia. Analala nacho. Anawaonyesha wageni: "Hii sifuri ameandika mwanangu."

Sasa nakuuliza kama ndugu. Kuna mke huko? Kama yupo sema, Mama hatalia. Anasema atamkagua tu, kwa upole, kuanzia miguuni.

Kitinda


12 Julai

Kitinda,

Hakuna mke. Angekuwepo, shati lingekuwa na vifungo.

Nakuandikia haraka maana lori linaondoka. Oktoba msije. Vitabu vile vinachapwa na watu ambao hawajawahi kulowa. Barabara mpya siiamini, lami yake ni nyembamba kama maziwa ya ofisini. Nyoka wa bondeni wanaamka mwezi huo. Na mimi Oktoba huwa na kazi nyingi, sitakuwa na nafasi ya kukaa na Mama inavyostahili.

Chagua Novemba. Novemba mwishoni. Au mniambie tukutane pwani, nitakuja mimi.

Oktoba hapana. Mueleze vizuri.

Kaka yako


4 Agosti

Kaka,

Nilimsomea Mama barua yako. Nilijaribu kuruka pale penye kazi nyingi, lakini ananijua ninavyovuta pumzi nikitaka kudanganya. Akaniambia nisome tena, neno kwa neno. Nikasoma. Akaenda jikoni kuangalia maji ya chai, akarudi. Kisha akasema, "Anatuficha kitu, au anatuonea haya. Vyovyote vile nitakwenda nikione."

Nyoka, kaka? Miaka kumi na mitatu hujataja hata mjusi.

Nilimwandikia yule Karani wenu wa Takwimu, nikidhani labda kitabu kimekosewa. Amejibu kwa mashine, na mihuri miwili. Anasema kituo chako ndicho anachokitolea mfano kwa wapimaji wapya. Anasema Oktoba ya bonde lile mtu anaweza kuilalia nje bila shuka. Kazi nyingi ulizosema hakuzitaja. Sifuri inahitaji kazi gani?

Novemba mwishoni haiwezekani. Daktari ametupa mpaka mwisho wa Oktoba, baada ya hapo huku kwetu baridi inaanza na hataki arudi kwenye baridi akiwa amechoka na safari. Usiku huu ninapokuandikia anapumua kama mtu anayekokota meza.

Tiketi tumekata. Tunaondoka tarehe ishirini na saba Septemba, meli kisha treni. Tarehe tisa Oktoba tutakuwa mji wa reli. Mama atapumzika siku moja. Jumamosi tarehe kumi na moja tunapanda basi la bondeni, linaondoka saa mbili asubuhi.

Kama hutaki kutupokea, usitupokee. Tutakaa mlangoni mpaka kazi zako ziishe.

Kitinda


30 Agosti

Kitinda,

Nimechana barua tatu. Hii siichani.

Nilipofika hapa tulikuwa wapimaji wawili. Mwenzangu alikuwa mtu mzima, tulimwita Taratibu, kwa sababu kila jambo alilifanya kwa taratibu iliyoandikwa, hata kukohoa. Alinifundisha kazi. Alinifundisha pia kwamba mvua kubwa ya Machi si ya kuogopwa: inajitangaza, wingu linakaa juu ya paa wiki nzima, korongo linajaa pole pole na unaliona. Hakunifundisha Oktoba kwa sababu hata yeye hakuijua.

Oktoba ya pili nikiwa naye, asubuhi moja, mbingu ilikuwa safi kama sahani. Hapa kituoni ardhi ilikuwa kavu kabisa. Ilikuwa zamu yangu kupanda. Kidole changu cha mguu kilikuwa kimevimba, akasema atakwenda yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa katikati ya korongo, anaruka jiwe hadi jiwe, na maji yakaja. Hayakuja kama maji. Yalikuja na sauti ya gari la mawe linalomwaga, yamesimama wima, yamebeba miti. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha kwenye vilele nyuma ya mlima na sisi hatukuona hata tone. Alinitazama. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu taratibu. Hatukumpata.

Mwaka uliofuata Oktoba ilipoingia, nilifika ukingoni mwa korongo na miguu ikakataa. Si kwamba niliamua. Ilikataa, kama punda. Nikarudi nyumbani, nikaketi mbele ya redio, na saa tatu ilipofika Rudia akaita kituo changu. Nikasema sifuri. Mbingu ilikuwa safi, nikajiambia huenda ni kweli. Kesho yake nikasema sifuri. Mwezi mzima. Hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata ilikuwa rahisi zaidi.

Miezi mingine kumi na moja napanda kila siku na namba zangu ni za haki. Oktoba sijawahi kupanda tena. Zile sifuri Mama anazolala nazo nimeziandika nikiwa nimekaa.

Na maji yanakuja, Kitinda. Kila Oktoba yanakuja, mara mbili, mara tatu, yanapita korongoni na kumwagikia bondeni, asubuhi, chini ya jua. Miaka yote hii bonde lilikuwa tupu, yakapita bila kumdhuru mtu. Nikajiambia uongo wangu haumuui yeyote. Kisha wakaja wahandisi na kitabu changu, wakajenga barabara ndani ya njia ya maji.

Msipande basi hilo. Barua hii ikikufikia, msipande. Shukeni pwani, nitawafuata.

Utaniuliza kwa nini sikusema redioni, ikufikie kwa siku moja badala ya wiki tatu. Nimeshika kipaza sauti mara nne. Vituo kumi na vinane vinasikiliza. Namba yangu ikiisha nasikia Rudia akisema asante, kwa heshima, kama anavyowaambia wazee. Nikakirudisha kipaza sauti mahali pake. Kaka yako ni mtu wa namna hiyo.

Lori litapita tarehe tatu. Nimehesabu siku kwenye kalenda. Zinatosha, kama hakuna kitakachochelewa.

Kaka yako


Mji wa reli, 9 Oktoba

Kaka,

Tumefika. Barua hii naiacha mapokezi, wanasema kuna gari la posta linaweza kukufikia kabla yetu, ingawa yule bwana aliposema hivyo alikuwa anasinzia.

Mama alistahimili meli kuliko mimi. Kwenye treni amepata rafiki, mjane anayeuza mbegu za mboga, na wameshirikiana kumsema kila mtu aliyepita kwenye ujia. Kifua chake kimefunguka. Tangu Juni sijamsikia akipumua hivi. Anasema ni hewa ya mwanawe.

Hali ya hewa ni kama kitabu kinavyosema. Jua halichomi, vumbi hakuna, nguo nilizofua asubuhi zimekauka kabla ya chakula. Kwa mbali naona milima yako. Nyuma yake kuna wingu dogo jeupe, limekaa kama kilemba. Mama amelisifu.

Tangu Julai hujaandika. Nimekasirika njia nzima, na leo hasira imeniishia ghafla nilipoiona milima. Lolote ulilonalo, litakuwa limekwisha Jumamosi mchana, tutakapokuwa tumekaa meza moja. Mama amepanga viti vya basi. Amechagua vya mbele kabisa, ili aone bonde.

Kitinda


11 Oktoba, saa kumi alasiri

Kitinda,

Sijui naandika kwa nani. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu siwezi kukaa bure.

Jana alfajiri niliona wingu nyuma ya vilele. Sikujua kama barua ya Agosti ilikufikia. Nilijua tu tarehe. Nikaenda korongoni. Nilisimama ukingoni kwa muda wa kuchemsha maharage, kisha nikavuka kwa magoti na viganja, kama mtoto, jiwe kwa jiwe, macho juu mlimani. Nikapanda. Chombo kilikuwa na milimita sabini na moja. Oktoba, Kitinda. Sabini na moja.

Saa tatu nikaisema namba. Rudia akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniuliza kama mbuzi wamekigusa chombo. Nikasema hakuna mbuzi. Akasema sawa, akaenda kituo kinachofuata. Mchana niliposikiliza taarifa ya nchi nzima, kituo changu kilisomwa: hakuna mvua. Alikuwa ameirekebisha namba yangu. Alinihurumia, asiniharibie rekodi. Sifuri zangu kumi na moja zilisimama mlangoni na kuizuia ile moja ya kweli isiingie.

Nikaita tena redio. Nje ya saa ya namba hawaitiki.

Leo nikavuka tena. Milimita mia moja na nne. Nikashuka nikikimbia, nimeanguka mara mbili, na saa tatu kasorobo nilikuwa mbele ya redio. Basi lenu lilikuwa limeshaondoka saa mbili. Nilikuwa nimehesabu: kabla ya kuingia bondeni linasimama kwenye kizuizi cha barabara, karibu saa nne.

Rudia alipoita, nikasema mia moja na nne. Akasema, kwa upole kabisa, mzee wangu, chombo chako kimeharibika, nitatuma fundi.

Nikamwambia: "Chombo ni kizima. Mimi ndiye mbovu. Sifuri zote za Oktoba nilizitunga, sikupanda hata siku moja, andika hilo, na ufunge barabara ya bondeni sasa hivi, mama yangu yumo ndani ya basi."

Hakusema rudia.

Sauti ya redio ikabaki inavuma. Halafu kikasikika kiti kikianguka, na hatua za mtu anayekimbia, na hakurudi hewani.

Maji yalipita saa tano na robo. Nimeyaona kutoka mlangoni. Yamejaza bonde ukuta kwa ukuta na barabara siioni tena. Tangu hapo naita na hakuna anayejibu. Sijui kama alifika kwenye simu. Sijui kama aliyeipokea alimwamini.

Naandika tena na tena jina la utani la mtu ambaye sijui kama yupo. Kitinda. Kitinda.


14 Oktoba

Kaka,

Tupo. Wote wawili, wazima.

Mafundi wa barabara wamevusha waya mwembamba juu ya mto uliobaki bondeni na wanapitisha mifuko ya unga kwenda upande wako. Msimamizi wao amekubali kuingiza barua kwenye unga. Barua yako ya Jumamosi imerudi kwa njia hiyo hiyo. Ile ya Agosti haijatufikia mpaka leo, lakini naelewa ilisema nini, kwa sababu basi zima limeshanisimulia.

Ilikuwa hivi. Tulifika kwenye kizuizi saa nne na dakika chache. Mlinzi alikuwa ameshainua boriti, dereva ametia gia. Ndipo simu ikalia ndani ya kibanda. Mlinzi alirudi ndani, dereva akapiga honi, mlinzi akatoka na kushusha boriti mbele ya kioo chetu. Watu wakaanza kulalamika. Jua linawaka, barabara kavu, mtu anatuzuia kwa ajili ya mvua? Mlinzi akatoa siri yote, nadhani ili asipigwe: kuna mpima mvua huko juu aliyekuwa akitunga namba miaka kumi na moja, na leo amekiri.

Ulipaswa kuwasikia, au bora hukuwasikia. Mmoja akasema mtu huyo anyweshwe chombo chake. Mwingine akasema wavivu wa serikali ndio hao, mwaka wa kumi na mbili ndio anapata usingizi mbaya. Mjane wa mbegu akasema angekuwa mwanawe angebadilisha jina. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa. Akashika chuma, akasimama, akawageukia wote.

"Ni mwanangu," akasema. "Endeleeni."

Akakaa.

Tukasubiri saa nzima na zaidi, na joto, na watu wakimtazama Mama kisogoni. Halafu ardhi ikatetemeka chini ya basi. Hatukuyaona maji, kuna mteremko mbele, tuliona tu ndege wote wakiruka kwa pamoja kutoka bondeni. Dereva alizima injini. Mjane wa mbegu akamshika Mama mkono na hajauachia vizuri mpaka leo.

Nimekukasirikia kwa kiasi ambacho sijui nikiweke wapi. Nimekutafutia neno kwa siku tatu na kila nikilipata nakumbuka ule mtetemeko. Mama hajasema chochote. Amekirarua kitabu, ukurasa mmoja tu, akanirudishia kilichobaki.

Kitinda


18 Oktoba

Kitinda,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa sakafuni.

Ofisi imenipigia redio. Nimeachishwa kazi kuanzia mwisho wa mwezi, jambo ambalo ningelifanya mimi mwenyewe kama ningekuwa Rudia. Amenisomea uamuzi kwa sauti iliyonyooka, kisha akasema niendelee kupima mpaka siku ya mwisho. Na mimi naendelea. Napanda kila asubuhi. Miguu inabisha mpaka juu na kurudi, lakini inakwenda.

Daraja la barabara mpya limekatika. Njia ya zamani ya lori nayo imeliwa, pale palipokuwa na kivuko. Msimamizi ameniandikia kwamba waya wao hauwezi kubeba mtu, na kwamba daraja litakuwa tayari Januari, akisema kweli.

Kwenye kivuko nimechomeka nguzo ya kupimia kina. Leo maji yako kifuani.

Niambie Mama anapumuaje.

Kaka yako


20 Oktoba

Kaka,

Anapumua vibaya. Tangu juzi upepo umegeuka, usiku mji huu unakuwa wa baridi na nyumba ya wageni haina moto. Treni yetu ni tarehe ishirini na tano, na daktari wa hapa anasema ile ya kabla yake ingekuwa bora zaidi. Januari usiitaje. Sitaki kuandika kwa nini.

Jana hatimaye amesema. Anataka apelekwe ukingoni, akuone hata kwa ng'ambo. Nimemwambia ni hatua mia mbili, ataona shati tu. Amesema shati alilolinunua yeye atalitambua. Msimamizi wa barabara atatuchukua kwenye gari lake tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi. Vaa shati hilo, kama bado unalo. Simama mahali palipo wazi. Inua mkono. Ndicho kinachowezekana.

Na nakukataza, sikia vizuri, nakukataza kuyagusa yale maji. Nakujua sasa. Ukishaanza kujilipiza huna kipimo. Mama hakusafiri wiki mbili aje ashuhudie kile ulichokiona wewe mlangoni na kikombe chako.

Kitinda


22 Oktoba

Kitinda,

Maji leo yako kiunoni. Nguzo nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimwita mwanamke anayefuga kondoo huku juu aisome yeye, asijue mimi nimesoma ngapi. Tumepata sawa.

Vilele viko wazi. Jana chombo kilikuwa na milimita mbili, leo hakuna. Kesho alfajiri nitapanda tena. Kikiwa na kitu, hata tone la kulowesha ukucha, nitasimama mahali palipo wazi na kuinua mkono, kama ulivyosema, na Mama ataliona shati. Kikiwa kitupu nitashuka moja kwa moja mpaka kivukoni, nivuke. Kutoka begani mwa mlima mpaka pale ni mwendo wa saa moja na nusu. Maji yakianguka kwenye vilele huchukua saa tatu kufika pale. Nimewaza hesabu hii mpaka imechakaa. Inatosha. Ingetosha pia kwa Taratibu, kama angejua mvua ilianza lini.

Naogopa, Kitinda. Nimeogopa miaka kumi na moja nikiwa nimekaa, na sitaki kukudanganya kwamba kusimama kunapunguza. Lakini najua mwendo wa treni na najua baridi ya mji ule, na hatua mia mbili ni mbali mno kwa mtu asiyepumua vizuri kupiga kelele.

Mwombe msimamizi ageuze gari. Mama akae kiti cha mbele, mgongo ukielekea mtoni, na umfunike mabega. Mwambie upepo ni mbaya upande huu. Asigeuke mpaka mtu amguse.

Wewe usigeuke kwingine. Simama ukingoni uangalie mwanzo mpaka mwisho, usifumbe macho, na lolote utakaloliona liandike hivyo hivyo lilivyokuwa.

Kaka yako